Asali za Toronto: "Canada No. 1" maana yake nini, na khalisi utaijuaje?

Ndugu zetu wanaoishi Toronto wakija Maskati, Dubai au Doha kututizama, sandukuni mara nyingi huwa na vitu vitatu: shira ya mti wa maple, vidonge vya vitamini, na asali. Shira ya maple haina ubishi, watoto wanaimaliza kwa mikate ya maji. Asali ndiyo inayoleta maswali. Mzee ataigeuza chupa, atasoma "Canada No. 1", atauliza: hii ndiyo namba moja ya nini? Mbona imeganda kama samli? Na mbona hii nyengine ya manuka, kichupa kisichojaza kiganja, bei yake ni ya kumtoa mtu jasho?

Maswali haya yana majibu, na majibu yenyewe yanatufaa hata sisi tunaonunua asali Lulu au Carrefour, maana chupa ni zile zile.

Tuanze na hiyo namba moja. Watu wengi, na hata Wakanada wenyewe, wanadhani "Canada No. 1" ni ushahidi kuwa asali imetoka Kanada. Sivyo. Ni daraja tu. Sheria ya chakula ya Kanada, ambayo kanuni zake mpya zilianza kutumika Januari 2019, inagawa asali katika daraja tatu, na kipimo kikubwa ni maji yaliyomo ndani yake. Daraja la kwanza maji yasizidi asilimia 17.8, au 18.6 kama asali imepashwa moto kuuliwa hamira. Daraja la pili mwisho ni 18.6, na la tatu ni 20. Juu ya maji wanatizama usafi, ladha, na kama imeganda basi iwe imeganda sawasawa. Asali iliyotoka nje ya Kanada ikitimiza masharti hayo nayo huandikwa daraja hilo hilo.

Kwa nini maji? Kwa sababu asali yenye maji mengi huchacha. Nyuki wanaijua hesabu hii kabla ya serikali yoyote: hupepea mabawa usiku kucha mpaka maji yapungue, ndipo wanafunga sega kwa nta. Mvunaji mwenye haraka akilirina sega halijafungwa, asali yake itatoa povu kabla ya mwaka kwisha.

Kinachokwambia asali imetoka wapi ni maandishi mengine, aghalabu madogo, yaliyo nyuma ya chupa au chini ya jina. Sheria inataka nchi itajwe. Ikiwa ni ya Kanada peke yake utakuta "Product of Canada". Ikiwa imechanganywa, ni lazima waseme ni mchanganyiko wa asali ya Kanada na ya nchi fulani, na nchi hizo zitajwe. Picha ya jani jekundu la maple au ya shamba lenye theluji si ushahidi wa kitu. Rangi nayo huandikwa, kuanzia nyeupe mpaka nyeusi, na rangi si daraja: nyeupe haishindi nyeusi kwa ubora, ni maua tu yanayotofautiana.

Nyingi ya asali ya Kanada haitoki karibu na Toronto. Inatoka kwenye nyanda za magharibi, Alberta, Saskatchewan na Manitoba, ambako nyuki hulishwa na mashamba makubwa ya kanola, klova na alfalfa. Ndiyo maana ni nyeupe na laini, haina ule ukali wa kooni tuliouzowea kwenye asali ya sumri. Ontario ina asali zake, na moja nitaitaja tukifika kwenye kikohozi.

Shira ndani ya asali

Sasa tuje kwenye udanganyifu, maana hapa ndipo penye fedha. Asali ni katika vyakula vinavyoghushiwa sana duniani, na sababu yake ni nyepesi: shira ya mchele au ya mahindi ni rahisi mno kuliko asali, inafanana nayo kwa macho, na mlaji hawezi kuitambua kwa ulimi ikiwa imechanganywa kwa ustadi.

Mwaka 2018 na 2019 shirika la ukaguzi wa chakula la Kanada, CFIA, lilichukua sampuli 240 za asali nchini humo. Za Kanada zote zilipita. Za kutoka nje, asilimia 21.8 zilikutwa na sukari isiyotokana na nyuki. Kilo 12,762 za asali, zenye thamani ya karibu dola 77,000 za Kanada, zilizuiwa zisiingie sokoni. Lakini tusizidishe. Wakaguzi wale walikuwa wakiwaendea zaidi wale waliokuwa na shaka nao, kama waagizaji wenye rekodi mbaya au biashara zenye mwendo usio wa kawaida. Kwa hiyo si sahihi kusema kila chupa tano za Toronto moja ni ya uongo. Ulaya hali ilikuwa nzito zaidi: uchunguzi uliotangazwa Machi 2023 ulitilia shaka sampuli 147 kati ya 320 za asali iliyoingizwa kutoka nje, yaani asilimia 46.

Wanajuaje? Hapa pana elimu nzuri kidogo. Mimea haitengenezi sukari kwa njia moja. Muwa na mahindi wana njia yao, na maua mengi ambayo nyuki huyaendea yana njia nyengine, na kila njia huacha alama katika kaboni ya sukari ile. Kaboni ina aina nyepesi na aina nzito. Mashine ya maabara ikipima uwiano wa hizo mbili itajua kuwa ndani ya asali hii mna sukari ya muwa au ya mahindi, hata kama ni kidogo. Kipimo hiki kilipoenea, wezi nao hawakulala. Wakahamia kwenye shira ya mchele na ya biti, kwa sababu mpunga na biti hutengeneza sukari kwa njia ile ile ya maua, na mashine ya kaboni inapitwa. Ndipo maabara zikaingiza kipimo cha pili, cha sumaku, kinachosoma sura nzima ya molekuli zilizomo kwenye asali na kuilinganisha na maelfu ya asali zinazojulikana asili yake. CFIA ilitumia vyote viwili. Ni mbio za paka na panya, na sidhani kama zitakwisha.

Tukishayajua haya, tutazame majaribio yetu ya nyumbani. Kutia tone la asali kwenye bilauri ya maji uone kama litazama. Kuchovya njiti ya kibiriti uone kama itawaka. Kutizama kama sisimizi wataikimbilia. Kutia tone kwenye ukucha uone kama litatiririka. Wazee wetu walikuwa na haki ya kuyategemea, kwa sababu ghushi ya zama zao ilikuwa ni maji na sukari guru, na asali iliyotiwa maji kweli inatiririka na kweli inazima njiti. Shira ya kiwandani leo ni nzito kama asali yenyewe. Inazama, inawaka, na sisimizi hawabagui. Anayekuuzia asali huku akikufanyia onyesho la kibiriti, kibiriti kitakuwa ndicho kitu pekee ulichohakikishiwa.

Kuganda je? Nyumba nyingi za Ghuba zimetupa asali nzuri kwa sababu ya hili. Asali kuganda si dalili ya sukari. Asali yote ni sukari, ya aina mbili kubwa, glukosi na fruktosi, na ile yenye glukosi nyingi huganda upesi. Asali ya kanola huganda kwa wiki chache tu. Asali ya sidri huchukua muda mrefu mno. Wakanada wanaipenda ile iliyoganda na wanaigandisha makusudi, wakitia kidogo ya asali iliyokwisha kuganda vizuri ili nyengine ifuate na iwe laini kama siagi, njia ambayo Elton Dyce aliisajili mwaka 1935. Chupa ya namna hii ukiletewa, ipake kwenye mkate na ushukuru. Ukiitaka iwe majimaji, itie ndani ya maji ya uvuguvugu, yasizidi joto la kuoga, uisubiri. Usiitie kwenye maikrowevu.

Joto ndilo adui wa asali huku kwetu kuliko hata shira. Asali ikipata moto, au ikikaa muda mrefu penye joto, hutengeneza kitu kinachoitwa HMF. Kanuni za kimataifa za Codex zimeweka mwisho wake kuwa miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali ya nchi za joto. Asali iliyokaa ndani ya buti la gari mwezi wa Agosti inaweza kuupita mpaka huo bila ya mtu yeyote kuighushi. Haitakudhuru kwa kijiko kimoja, lakini harufu na vimeng'enya vyake vinakuwa vimekwenda.

Manuka, na sidri yetu

Kwenye rafu za Toronto manuka huwekwa juu kabisa, pengine ndani ya kabati lenye ufunguo. Inatoka New Zealand, kwa maua ya kichaka kiitwacho manuka. Mwanakemia Thomas Henle wa chuo kikuu cha Dresden, Ujerumani, ndiye aliyeonyesha kuwa nguvu yake ya kuua vijidudu inatokana na kitu kinachoitwa methaliglioksali, kinachoandikwa MGO. Namba iliyo karibu na MGO ni miligramu kwa kilo. Chama cha wazalishaji kina alama yake, UMF, nayo hupima zaidi ya hicho kimoja. Kwa kukisia, UMF 5 ni sawa na MGO 83, UMF 10 ni 263, UMF 15 ni 514, na UMF 20 ni 829. Ukiona chupa ina namba kubwa lakini haina herufi za UMF wala MGO, soma vizuri, kwani huenda namba ile inahesabu chavua au kitu chengine kisichohusiana na kuua vijidudu. Na neno "raw", yaani haijapashwa moto, si daraja.

Tangu Februari 2018 serikali ya New Zealand haikubali asali isafirishwe kwa jina la manuka mpaka ipite vipimo vitano, vinne vya kemia na kimoja cha DNA ya mmea. Hili ndilo ninalowaonea gere. Si asali yao, ila mfumo wao.

Kwa sababu sisi tuna asali isiyopungua heshima, ila haina karatasi. Sidri ni mti wa jamii moja na mkunazi wetu wa Unguja na Pemba, ule ambao majani yake tunayajua sote tangu utotoni kwa shughuli za kuosha maiti. Oman huvunwa mwishoni mwa mwaka, mvua ya joto ikishapungua na mti ukishachanua. Ya sumri, ile nyekundu nzito, huvunwa mwanzo wa kiangazi. Rustaq ina jina kubwa kwa asali, na wafugaji wa zamani bado wanaweka nyuki ndani ya magogo ya mtende yaliyochimbwa ndani, fikra ile ile ya mzinga wa gogo au gome unaotundikwa mtini Tabora. Wazee waliokwenda bara karne ya 19 walipofika Unyanyembe na kuikuta nta na asali ya miombo inauzwa, hawakuwa na haja ya kufundishwa kitu hicho ni nini.

Nenda sasa kwenye duka la Kiarabu au la Kipakistani Toronto, ukaitizame chupa ya sidri. Itakuwa na nembo ya dhahabu na picha ya mlima. Wapi hasa imevunwa? Mwaka gani? Mara nyingi haisemi. Pakistan nako kuna miti ya jamii hii, asali yake inaitwa beri, ni nzuri, na nyingi inauzwa Ghuba. Hakuna ubaya kuila. Ubaya ni ikibadilishwa jina njiani ikawa ya Hadhramaut au ya Oman na bei ikaruka. Kwa asali ya bei hiyo, muulize muuzaji karatasi ya maabara yenye namba ya kundi la uzalishaji, na namba hiyo uilinganishe na ya kwenye chupa. Akiwa hana, nunua kwa bei ya asali ya kawaida au umwachie.

Kuna asali moja inayoonewa na vipimo hivi. Ni ile ya nyuki wadogo wasiouma, inayothaminiwa sana Tanzania kwa dawa. Kwa maumbile yake ina maji zaidi ya asilimia 20, kwa hiyo ukiipeleka kwenye kipimo cha Codex au cha Kanada itaanguka hata ikiwa imetoka mzingani leo asubuhi. Kanuni zile zimeandikwa kwa ajili ya nyuki wakubwa. Malaysia walilitambua hilo, na mwaka 2017 wakaandika kanuni maalumu kwa asali ya nyuki wao wadogo. Afrika Mashariki ingefaa kufuata.

Inaponya nini?

Kikohozi, ndiyo. Mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania waliwapa watoto wenye kikohozi cha mafua kijiko cha asali ya bakwiti kabla ya kulala, na wazazi waliona nafuu zaidi kuliko kwa watoto ambao hawakupewa kitu. Mwaka 2020 watafiti wa Oxford walikusanya tafiti 14 wakafika karibu na hapo hapo. Bakwiti ndiyo ile ya Ontario niliyoiahidi: nyeusi kama shira ya muwa, ina harufu ya zizi kidogo, watu wengi wa Toronto hawaipendi na kwa hiyo si ghali. Mimi ningeichukua hiyo kabla ya manuka.

Vidonda na kuungua pia, lakini kwa asali ya hospitali, iliyosafishwa kwa mionzi na kuwekwa kwenye bandeji. Usichote ya jikoni ukampaka mgonjwa wa kisukari kwenye kidonda cha mguu. Miguu imekatwa kwa kuchelewa hospitali.

Na kisukari chenyewe? Hili linaulizwa kila nyumba, maana huku kwetu kisukari hakijabisha mlango kwa jirani peke yake. Chuo kikuu cha Toronto kilitoa mwaka 2022 uchambuzi wa majaribio 18 yenye watu zaidi ya 1,100. Waliokula kiasi cha gramu 40 za asali kwa siku, kama vijiko viwili vikubwa, kwa muda wa wiki nane, walishuka kidogo sukari ya asubuhi na kolesteroli mbaya, khasa kwa asali isiyopashwa moto na ya ua moja. Khabari hii ilisambaa kwenye simu kwa haraka, ikafika hadi kuwa "asali inatibu sukari". Watafiti hawakusema hivyo. Wengi wa waliopimwa walikuwa watu wazima wa afya, ambao chakula chao kwa jumla hakina sukari nyingi. Na shauri lao lilikuwa la kubadilisha: unayetia sukari kwenye chai, weka asali badala yake, usiyekula sukari, usianze kwa sababu ya asali. Kijiko kikubwa kimoja cha asali kina karibu gramu 17 za sukari, iwe ya Rustaq au ya Saskatchewan. Mgonjwa anayetumia dawa au sindano azungumze na daktari wake na apime.

Mawili ya mwisho ni ya hatari.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, wala tone, wala kwenye chuchu ya plastiki. Asali inaweza kubeba mbegu za kijidudu cha botulini. Mtu mzima hazimdhuru, lakini kwenye tumbo la mtoto mchanga zinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Kupasha moto asali hakuziui, na usafi wa asali hauna uhusiano, kwani khalisi na ghushi zote zinaweza kuwa nazo. Ni nadra, lakini Wizara ya Afya ya Kanada inaitaja asali waziwazi kama chakula cha kumwepusha nacho mtoto. Wanaofanya tahniki kwa mtoto aliyezaliwa watumie tende, ambayo ndiyo iliyopokewa. Dalili za mwanzo ni kufunga choo, kisha kilio dhaifu, kushindwa kunyonya na shingo kulegea. Ukiziona, kimbilia hospitali na uwaambie kama alionja asali.

La pili ni vile vipakiti vya "asali ya kifalme" vinavyouzwa kwa siri karibu na keshia, Toronto na huku pia, kwa wanaume. Julai 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliyaonya makampuni manne baada ya maabara kukuta ndani ya asali hizo dawa za hospitali, tadalafili na sildenafili, ambazo hazikutajwa kwenye pakiti. Mtu mwenye maradhi ya moyo anayetumia dawa za naitreti akivila, presha yake inaweza kuporomoka hadi kufa. Anameza bila ya kujua, na mkewe na watoto hawatajua kilichomwangusha.

Kwa wanaosafiri: asali kwenye ndege inahesabiwa ni kitu cha majimaji, kwa hiyo zaidi ya mililita 100 iende kwenye sanduku la chini. Ifunge kwa mfuko, kisha mfuko mwengine, na ukiingia nayo Kanada itaje kwenye forodha hata kama ni chupa moja ya bibi.